Bifu la chuoni lililofika bungeni: jamaa, dada na ada ya umoja wa wanafunzi

Kwenye orodha ya malipo ya chuo, kile kijimstari cha umoja wa wanafunzi hulalamikiwa kuliko ukubwa wa hela yake. Ukilinganisha na ada ya masomo ni pesa ya vocha tu, lakini iwe Dar, Nairobi au Kampala, maswali ni yaleyale: viongozi wanaifanyia nini, na kwa nini hata asiyewataka akamuliwe? Australia walilipeleka suala hilo mpaka bungeni. Wakaifuta ada, halafu wakairudisha. Na ndani ya sarakasi hiyo walikuwepo watu wawili walioanza kuvutana nayo wakiwa bado wanabeba madaftari.

Wa kwanza ni jamaa mmoja wa Chuo Kikuu cha Sydney, Mkatoliki wa kweli kweli, mtu wa mrengo wa kulia asiyejificha, ambaye baadaye alienda Oxford na kupanda ulingoni kuzichapa. Mwaka 1979 alikuwa rais wa baraza la wanafunzi pale Sydney. Wa pili ni dada aliyeanzia Chuo Kikuu cha Adelaide, akahamia Melbourne, na mwaka 1983 akawa rais wa umoja wa wanafunzi wa nchi nzima, AUS. Kwa taarifa tu, wote wawili walizaliwa Uingereza, wakapelekwa Australia wakiwa watoto.

AUS uliishi kwa makato. Mwanafunzi akijisajili, ada ya umoja wa chuo chake ilikuwa lazima, na chuo kikiwa mwanachama, sehemu ya mkwanja ulipanda ngazi ya taifa. Miaka ya 1970 viongozi wa juu wakaanza kupitisha maazimio ya siasa za dunia, yakiwemo ya kuwaunga mkono Wapalestina, na vyuo vingi vikapiga kura kuyakataa. Jamaa wa Sydney alikuwa mmoja wa wapinzani wenye sauti kubwa. Vyuo vikaanza kujitoa kimoja kimoja. Dada alipopewa kiti alikuta nyumba inavuja kila kona, na mwaka 1984 AUS ukafa. Haki isemwe: kumlazimisha mtu alipie msimamo asiokubaliana nao ni jambo gumu kulitetea, hata kama msimamo wenyewe ni mzuri.

Songa mbele hadi 2005. Chama cha yule jamaa kiko madarakani, yeye mwenyewe ni waziri wa afya. Waziri wa elimu ni daktari aliyewahi kutoboa sikio na kuvaa hereni, na aliyewahi pia kuwa mwanachama wa chama cha upinzani kabla hajahama. Ndiye aliyepeleka muswada wa kupiga marufuku ada ya lazima. Wakati huo kwenye vyuo vingine ilikuwa imezidi dola 500 za Australia kwa mwaka, hivyo si ajabu wanafunzi wengi waliupenda.

Kwenye Seneti serikali ilikuwa na wingi wa kura moja tu. Seneta mmoja wa vijijini, wa upande huohuo wa serikali, akagoma. Hoja yake haikuwa siasa za wanafunzi hata kidogo. Alikuwa anawaza viwanja vya michezo vya vyuo vya mikoani, ambavyo mji mzima huvitumia. Kura yake ingetosha kuuangusha muswada, ila seneta mwingine wa chama kidogo akatokea upande wa pili kuuokoa. Ilikuwa Desemba 9, 2005. Sheria ikaanza kazi Julai 2006, na daktari wetu tayari alikuwa amehamishiwa wizara ya ulinzi.

Sasa hapa ndipo wengi walipokuja kushtuka. Hela ya umoja haikuwa ya mabango na maandamano peke yake. Ndiyo iliyobeba kantini za bei nafuu, klabu za michezo, msaada wa kisheria, malezi ya watoto wa wanafunzi wazazi, na yule mtu anayekaa pembeni yako chuo kinapotaka kukufukuza. Uchangiaji ulipokuwa hiari, wengi hawakuchangia. Nani atoe dola mia kadhaa wakati jirani hatoi na kiwanja ni kilekile? Ripoti ya serikali ya mwaka 2008 ilisema karibu dola milioni 170 kwa mwaka zilikuwa zimeondoka kwenye huduma za wanafunzi. Vyuo vyenye fedha viliziba pengo kwa kuchota kwenye bajeti nyingine. Vya mikoani ndivyo vilivyoumia zaidi, sawasawa na hofu ya seneta wa vijijini.

Oktoba 2011 bunge likairudisha ada kwa sura mpya, isiyozidi dola 263 kwa mwaka 2012, na asiye na hela mkononi anaweza kukopeshwa na serikali. Waziri mkuu wakati huo? Dada wa AUS. Kiongozi wa upinzani aliyekaa kumtazama usoni? Jamaa wa Sydney. Miaka karibu thelathini, na bado wako kwenye ada ileile!

Lakini soma maandishi madogo. Uanachama wa umoja ulibaki hiari, hela hairuhusiwi kusaidia chama cha siasa, na inaingia kwanza mfukoni mwa chuo, si kwa wanafunzi. Yaani mwanafunzi alirudi kulipa, ila meza ya kugawa mkwanja alikaa mtu mwingine. Hilo ndilo kosa kubwa la hadithi hii yote, kuliko hata ule ulazima.

Mwaka 2013 jamaa akawa waziri mkuu. Waziri wake wa elimu akadokeza kuifuta tena ile ada. Kila mtu alitarajia bosi ashangilie. Bosi akasema serikali haina mpango huo, akaendelea na mambo yake.

Ilibidi ifike Januari 2025 ndipo sheria ikavilazimisha vyuo kuwapa vyombo vinavyoongozwa na wanafunzi angalau asilimia 40 ya makusanyo. Kufikia hapo kiwango cha juu cha ada kilikuwa dola 365. Ile asilimia 60 nyingine, mwenye uamuzi wa mwisho bado ni chuo.