Deni na Suluhu

Wazee wetu na wanachama, yafaa tukumbuke tulikotoka. Sheria ya mwaka 1948 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika kortini mkopo uliozidi shilingi 200 bila idhini ya afisa wa Serikali. Iliitwa kinga, kumbe ilitufungia mlango, maana nani akopeshe asichoweza kudai?

Leo mlango u wazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yaagiza mahakama zikuze upatanishi. Tangu 2021 Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nayo yapaswa kuamua katika siku 60.

Basi tuandike mapatano yetu, tutafute suluhu kwanza. Aaminiwaye ni yule akubaliye kudaiwa.