Helikopta iliyombeba balozi, na watu waliobaki uani

Vijana wenzetu, leo tuongee historia ya mashine moja tu. Inaitwa Lady Ace 09, helikopta ya kijeshi ya Marekani aina ya CH-46, ile yenye mapanga makubwa mbele na nyuma. Baada ya kustaafu ilisimama nje, juani, kwenye makumbusho ya ndege ya Miramar huko San Diego, watu wakaja kuitazama.

Kwa nini hiyo na si nyingine? Turudi Saigon, Vietnam ya Kusini. Tarehe 29 Aprili 1975 uwanja wa ndege ulipigwa makombora, ndege kubwa zikashindwa kuruka. Zikabaki helikopta tu, zikienda na kurudi kati ya mji na meli zilizokuwa baharini. Katika muda usiofika siku moja zilitoa watu karibu 7,000, wengi wao Wavietnam. Hilo ni jambo kubwa, hatulidharau.

Balozi Graham Martin alikuwa hataki kuondoka, alitaka Wavietnam wengi zaidi wapande kwanza. Wapo pia wanaomlaumu kwamba alichelewa mno kupanga safari hizo. Tarehe 30, inakaribia saa 11 alfajiri, rubani Gerry Berry alitua na Lady Ace 09 juu ya paa la ubalozi akiwa na amri: balozi apande sasa hivi. Akapanda.

Washington ilikuwa imeshaamua kwamba kuanzia hapo watapanda Wamarekani peke yao. Na chini uani kulikuwa bado na watu kama 420, wamekaa kwa utaratibu, wameahidiwa kwamba zamu yao inakuja. Walikuwemo hata Wakorea Kusini. Inakaribia saa 2 asubuhi askari wa mwisho wakaruka, wale 420 wakaachwa. Kabla ya saa sita mchana mji ulikuwa umeanguka.

Miaka iliyofuata Wavietnam wengine walitoka kwa mashua. Karibu 800,000 walifika nchi za jirani, wengi wengine wakafia baharini. Waliofika walikaa kambini Malaysia, Thailand, Hong Kong, baadhi yao miaka na miaka, wakingoja nchi ya tatu.

Sisi tunaokaa kambini tunaijua foleni hiyo. Unaambiwa subiri, faili lako linashughulikiwa, halafu mlango unafungwa na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kukuona.

Sasa angalieni: balozi ana jina, rubani ana jina, hata mashine ina jina. Wale 420 tunasimuliwa idadi tu. Hata kwetu itakuwa hivyo tusipoandika wenyewe. Wazee wetu bado wapo, wanakumbuka nani alipanda lori siku ile na nani alibaki barabarani. Mzee akitaja jina, andika, na kijiji chake pia.

Wewe nyumbani kwenu mmeshaandika majina ya nani?