Majina ya Kizungu ya Watoto wa Kiume Taita Taveta

Majina ya Kizungu yalifika milima ya Taita pamoja na maji ya ubatizo. Mwaka 1883 J. A. Wray wa Church Missionary Society, shirika la Waanglikana, alianzisha kituo Sagalla, mlima unaotazamana na Voi ya leo. Mwaka 1892 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bura, na katika miaka hiyohiyo Waanglikana wakawa wameshafika Taveta.

Kabla ya hapo jina la mvulana wa Kitaita lilisimulia kuzaliwa kwake, au lilimrudisha babu nyumbani. Mwakio ni wa usiku, Mwanjala ni wa wakati wa njaa, na njaa Wataita waliijua vizuri: ile ya 1884 na 1885, iitwayo Mwakisenge, iliua watu wengi na kumlazimu Wray mwenyewe kuondoka kwa muda. Kwa mzee aliyetasa, yaani aliyetambika kwa kupuliza pombe ya miwa huku akiwaomba waliotangulia, jina la babu halikuwa pambo. Mjukuu aliyeitwa George au William alikuwa amepewa jina lisilo na mtu wa kuombwa.

Kanisa nalo lilikuwa na hoja yake: anayebatizwa anaanza maisha mapya, basi apewe jina jipya. Wakatoliki walikuwa na sheria kabisa. Kanuni za Kanisa za 1917 zilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Waanglikana hawakubanwa hivyo, ndiyo maana upande wao mkusanyiko ni wa kila namna: majina ya Biblia kama Samson na Eliud, na hata majina ya ukoo ya Kiingereza, kama Dawson, yakawekwa mbele. Ikumbukwe kwamba mengi ya haya si ya Ulaya kwa asili. Samson ni Mwebrania na Darius ni mfalme wa Uajemi. Yameitwa ya Kizungu kwa sababu Wazungu ndio walioyaleta.

Nje ya kanisa, shule na kazi ziliyapa nguvu. Kijana aliyeshuka Voi kutafuta kazi ya reli, au aliyeingia mashamba ya mkonge, alikuwa na kipande, kitambulisho kilichotokana na sheria ya 1915. Makarani waliandika jina la ubatizo kwanza na la baba baadaye, na jina la baba likageuka la ukoo. Kwa njia hiyo majina ya Kitaita yaliokoka, ingawa nyumbani bibi aliendelea kumwita mjukuu kwa lile alilolijua yeye.

Wapo waliodhani kwamba mwenye jina la Kizungu amejiuza. Historia ya Taita yenyewe inakanusha. Taita Hills Association, iliyopigania ardhi na mifugo mwishoni mwa miaka ya 1930, iliongozwa na Woresha Kengo akishirikiana na Daniel Mapinga na Jimmy Mwambichi. Serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa walichodai, si kwa walivyoitwa, na Kengo akapelekwa kizuizini.

Mjadala uliwaka upya baada ya uhuru. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo Zaire, na karibu na miaka hiyo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha jina la James. Taita haikupata amri ya namna hiyo, na ni heri: jina la mtoto ni haki ya wazazi wake. Kanuni mpya za Kanisa za 1983 zililegeza sharti la zamani. Sasa jina lisipingane tu na maadili ya Kikristo, kwa hiyo Mwakio anaweza kubatizwa Mwakio. Mwandawiro Mghanga, aliyekuwa mbunge wa Wundanyi, anajulikana kwa majina ya kwao peke yake. Walio wengi bado wanabeba yote mawili, na magavana watatu wa kwanza wa kaunti ni mfano: John Mruttu, Granton Samboja na Andrew Mwadime.