Mau Mau mbele ya daktari: jinsi dai la ardhi lilivyogeuzwa kuwa maradhi

Mwaka 1954, huku vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza vikiendelea, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwita Dakta J. C. Carothers kutoka Uingereza aje aeleze kwa nini Wakikuyu walikuwa wakila kiapo cha uasi na kuingia msituni. Carothers hakuwa mgeni. Tangu 1938 hadi 1950 aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na alikabidhiwa kazi hiyo kabla hajasomea fani yenyewe. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Serikali ilimwona kuwa bingwa.

Ripoti yake, Saikolojia ya Mau Mau, ilipigwa chapa na serikali mwaka huohuo. Carothers alidai kwamba Mkikuyu alikuwa amepoteza mila zilizomlea na kumzuia, wala hajaushika barabara ustaarabu wa kigeni. Akabaki amejaa wasiwasi, na wasiwasi huo ukazaa uasi. Hata usiri wa Wakikuyu aliueleza kwa historia yao ya kuishi msituni.

Ila mkulima wa Kiambu au Nyeri hakuhitaji daktari wa kumwambia kinachomsumbua. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimetengewa Wazungu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maskwota waliolima na kufuga kwenye mashamba ya walowezi walipunguziwa mifugo na vipande vya ardhi, huku wakiongezewa siku za kumfanyia mlowezi kazi. Wengi walifukuzwa. Ghadhabu yao ilikuwa na sababu inayoweza kupimwa kwa ekari.

Carothers hakuwa wa kwanza: fikra ya kutafuta chanzo cha uhalifu ndani ya maumbile ya mtu ilikuwa kongwe. Mwaka 1876, Mwitalia Cesare Lombroso alidai kuwa kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa fuvu, taya na masikio. Mwaka 1913, Charles Goring, daktari wa magereza wa Uingereza, alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 na kuonyesha kwamba aina hiyo ya binadamu haipo. Hata hivyo, miaka ya 1930, Dakta H. L. Gordon wa Mathari alikuwa akihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Carothers naye, mwaka 1951, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyejiunga na wapigania uhuru wa Algeria, aliyachambua na kuyapinga madai hayo katika kitabu chake cha 1961.

Maelezo ya daktari yasingekuwa na madhara makubwa kama yangebaki kwenye karatasi. Lakini Kenya ilikuwa na kambi za kizuizini zenye makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 1953 afisa Thomas Askwith alitumwa Malaya kujifunza jinsi Waingereza walivyowashughulikia waasi wa huko, akarudi na mpango wa kuwarekebisha wafungwa kwa kazi, masomo na ushauri. Kambini waliochujwa walipangwa kwa majina ya rangi kulingana na msimamo wao, tangu watiifu hadi wakaidi: weupe, kijivu na weusi. Aliyekiri kiapo alihesabiwa kuwa ameanza kupona, akasogezwa kambi iliyo karibu na kwao. Aliyekataa alirudishwa nyuma.

Hapo ndipo tiba ilipogeuka adhabu. Ikiwa kukiri ndiko kupona, basi kipigo kinacholeta kukiri huitwa dawa. J. M. Kariuki, aliyezuiliwa tangu 1953 hadi 1960 na kupitishwa kambi 14, alisimulia katika kitabu chake cha 1963 jinsi alivyoandika barua za malalamiko kwa siri, na jinsi alivyopigwa kwa sababu ya barua hizo. Mtu anayedai haki zake kwa kalamu alichukuliwa kuwa sugu. Askwith alipolalamikia ukatili huo, aliondolewa kwenye jukumu la kuwarekebisha wafungwa mwaka 1957.

Tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola karibu na Mto Tana, wafungwa waliogoma walipelekwa kwa nguvu kuchimba mfereji. Watu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti uliukanusha uongo huo, na Bunge la Uingereza likalijadili suala hilo. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 wa mateso ya kipindi cha Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9.

Saikolojia ina nafasi yake gerezani. Wapo wafungwa wanaobeba majeraha ya utotoni, ulevi na hasira wasizozimudu, na wanastahili msaada wa wataalamu. Lakini mtaalamu anayelipwa na aliyemfunga mtu ana deni la kwanza: kuuliza mtu huyo alitendewa nini, na kuliandika jibu hata kama linamshtaki mwajiri. Carothers alikuwa na nafasi ya kuandika kwamba watu wamenyang'anywa ardhi na wanataka irudishwe. Aliandika kwamba wana wasiwasi.