Gesi Adimu au Gesi Adhimu?

Jina ni hukumu. Hapa Igowole, wilayani Mufindi, kila pumzi tuvutayo kando ya mashamba ya chai ina agoni, karibu sehemu moja katika kila mia ya hewa. Hata hivyo, tumezoea kuiweka katika ukoo wa "gesi adimu". Kilichojaa hewani kikawaje adimu? Tuiulize historia.

Mwaka 1869, Mendeleev alipotoa jedwali lake la elementi, ukoo huu haukuwa na chumba humo. Mwaka uliotangulia, wanaastronomia walikuwa wameona mstari wa manjano katika mwanga wa jua; Lockyer akaiita elementi hiyo heliamu, kutokana na neno la Kigiriki la jua. Mwaka 1894 Rayleigh na Ramsay wakatangaza agoni, yaani mvivu, kwa kuwa ilikataa kuungana na chochote. Mwaka 1895 Ramsay akaipata heliamu katika madini ya urani. Mwaka 1898, yeye na Travers wakatoa hewani kriptoni (iliyofichika), neoni (mpya) na zenoni (mgeni). Ikabidi jedwali lipanuliwe kwa safu nzima, ambayo leo ni kundi la 18.

Mjerumani Erdmann aliziita gesi za kiungwana. Sisi tukasema adimu, wengine, bwete. "Bwete" ilianguka mwaka 1962, Neil Bartlett alipoiunganisha zenoni na platini na florini. Muungwana ni kitendo, na mgeni yule alitenda.

"Adimu" ina haki yake bonde la Rukwa, kaskazini-magharibi ya Mbeya. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heliamu nyingi huko. Huzaliwa urani na thori zinapooza ndani ya miamba ya kale. Joto la volkano huifungulia mlango. Ikifika hewani, huponyoka hadi nje ya dunia. Hiyo ni adimu kweli, lakini sifa ya ndugu mmoja haiwi jina la ukoo.

Napendekeza tuongeze herufi moja: gesi adhimu. Ganda lao la nje limejaa elektroni. Hawaombi wala hawakopi ovyo. Washairi, mnajua uzito wa herufi moja katika kina. Basi na mwanafunzi wa kemia naye apewe jina lisilomdanganya.