Kutunza Wazee: Marekani, Japani na Kenya

Kumgeuza mzee asiyejiweza kunahitaji ujuzi. Unakunja goti lake la upande wa mbali, unashika bega na nyonga, unamvuta polepole kuelekea kwako, kisha unakagua visigino na kiuno kama ngozi imebadilika rangi. Ukizembea kwa saa chache, kidonda kinaweza kuanza. Kazi ni ile ile Chicago, Osaka au Machakos. Kinachotofautiana ni hadhi anayopewa anayeifanya.

Marekani, kazi ipo tele. Mwaka 2023 wahudumu wa nyumbani walikaribia milioni 4, na serikali ilikadiria ongezeko la asilimia 21 kufikia 2033. Wakenya wengi wanaohamia huko huanzia hapo. Lakini mshahara wa kati ulikuwa kama dola 16 tu kwa saa. Mwaka 1974 sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipanuliwa ili iwalinde wafanyakazi wa nyumbani, ila waliohesabiwa kuwa wa kumliwaza mzee tu wakaachwa nje. Evelyn Coke, mzaliwa wa Jamaica aliyewahudumia wazee New York, alidai malipo ya saa za ziada hadi Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 2007. Kanuni mpya ya kuwalinda wahudumu kama yeye ilitoka 2013 na kuanza kutumika 2015.

Japani, mzigo huu kwa desturi ulimwangukia mke wa mwana. Mwaka 1987 sheria iliweka cheti cha taifa cha utunzaji, na mwaka 2000 ikaanzishwa bima ya matunzo inayochangiwa na kila mkazi kuanzia miaka 40. Mzee hupimwa, hupangiwa kiwango cha msaada, naye hulipia sehemu ndogo ya gharama. Mishahara bado haitoshi na wahudumu ni haba, hata tangu 2019 nchi imefungua viza maalumu kwa wageni. Lakini mtunzaji ana cheti, daraja na njia ya kupanda.

Kwetu Kenya, Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa pamoja na Serikali. Nyumbani mambo ni mengine: binti anaacha ajira yake, au dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua anaongezewa mgonjwa wa kiharusi bila mafunzo wala nyongeza ya mshahara. Anayesomea kazi hiyo chuoni, mara nyingi macho yake yako ng'ambo.

Marekani inatufundisha kwamba wingi wa kazi hauleti ujira wa haki wenyewe. Sharti sheria iingilie. Japani inatuonyesha kwamba kulipia matunzo hakuvunji undugu, bali kunamwezesha mwana kuja kwa mzazi wake akiwa na nguvu. Basi tuanze na dada aliye nyumbani mwetu: apate mafunzo, mkataba na nyongeza kwa mzigo huo. Baraka za wazazi hazinunuliwi kwa jasho la mtu asiyelipwa.