Meza ya Jua na Kinamasi cha Lorian: Pepo ya Wayunani na Nyika ya Isiolo

Wayunani wa kale waliiweka pepo mbali, mahali asipofika msafiri wa kawaida. Katika Odyssey, Menelaus anaahidiwa uwanda wa Elysium, usiojua theluji wala tufani, si kwa wema wake bali kwa kuwa ni mkwe wa Zeus. Hesiod naye anawapa mashujaa visiwa ambako ardhi huzaa mara tatu kwa mwaka. Afrika haikuachwa: katika Iliad miungu huenda karamuni kwa Waethiopia, jina walilopewa watu weusi wa miisho ya dunia, si raia wa dola ya leo.

Herodotus, katika karne ya 5 K.K., anakiongezea kisasili hiki jambo la kufikirisha. Anasimulia Meza ya Jua, konde lililojaa nyama iliyochemshwa. Wenyeji, asema, hudai kuwa ardhi yenyewe ndiyo inayoitoa. Lakini papo hapo anaeleza kwamba wakuu wa mji huiweka usiku. Kauli hiyo fupi ina uzito kuliko sifa zote za pepo, kwa maana yafichua kwamba neema isiyo na jasho ina watu waliolitoa jasho hilo gizani. Cambyses, mfalme wa Uajemi, alipoiendea nchi hiyo kwa jeshi, askari wake waliishiwa chakula njiani hata wakalana.

Nyika ya Isiolo nayo iliwahi kutafutwa hivyo. Mmarekani William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel wa Austria, katika safari iliyoanza 1892, waliufuata mto Ewaso Nyiro wakitarajia ziwa kubwa la Lorian. Walikuta kinamasi. Kwao lilikuwa anguko. Kwa mfugaji, kinamasi chenye malisho wakati wa kiangazi ni hazina kuliko ziwa la kutazamwa.

Karne ya 20 iliirejesha pepo kwa sura nyingine. George Adamson, msimamizi wa wanyamapori, alikuwa na makao Isiolo, na huko ndiko alikolelewa Elsa, simba jike aliyepatikana mchanga mwaka 1956. Kitabu cha Joy Adamson, Born Free (1960), na filamu yake ya 1966 viliwapa watu wa mbali Elysium ya simba, nchi pana iliyoonekana haina mwenyewe. Ilhali katika muongo huohuo, wakati wa vita vya shifta, Waborana wa Waso walikusanywa kwa nguvu kambini, Garba Tulla na Merti zikiwamo, na mifugo yao mingi ikateketea. Akina Adamson hawakuvianzisha vita hivyo, wala si haki kuwabebesha. Hoja ni kwamba kisasili cha pepo hakina nafasi ya mchungaji, na msomaji aliyekizoea hamkosi asipomwona.

Hata mwaka 2001, kipindi cha televisheni cha Marekani, Survivor, kilipopigwa picha Shaba, nyika ilikuwa uwanja wa wageni kujaribia ujasiri wao.

Kwa Wasamburu, majirani wa Isiolo, maji ya kiangazi huchimbuliwa mchangani mwa mito mikavu. Ndoo hupita mkono kwa mkono kutoka kisimani, waume wakiimba, na ng'ombe huitambua sauti ya wenyewe. Siku hizi watalii hupelekwa kutazama. Hapo Meza ya Jua huandikwa mchana, na waandikaji wanaonekana.